Kabla ya Kwenda Ihefu Kuona Wanyama

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya wanaojiandaa kwa ziara ya mafunzo katika bonde la Usangu)



Nimeombwa niwaeleze tutakayoyaona tutakapofika Ihefu, ili tusiende kama watu waliofumbwa macho. Nimelipokea ombi hilo kwa moyo mkunjufu. Ihefu ni mahali pa mbali, hapafikiki kwa urahisi, na wengi wetu tumelisikia jina hilo redioni tu, mara nyingi kwa habari za ugomvi. Ni jambo jema kwamba safari hii tunakwenda kwa ajili ya kutazama viumbe.

Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba mwenye kukitazama kinamasi atawaona ndege kwanza, kisha mnyama, na mwishoni kabisa, kama atajaliwa, atayaona maji. Na maji ndiyo yanayoeleza kwa nini ndege na mnyama wapo, na kwa nini watu fulani hawapo tena. Kwa hiyo mada yangu ina sehemu mbili: kwanza, Ihefu ni mahali pa namna gani, na pili, ni nani aliyebeba gharama ya kulihifadhi, na kama mzigo huo uligawanywa kwa haki.

1. Bakuli na kizingiti chake

Ukitoka Mbeya kwa barabara kuu ya kwenda Makambako, unapita Igurusi, Chimala na eneo la Rujewa. Mkono wako wa kulia inasimama safu ya milima ya Uporoto na Kipengere. Mkono wa kushoto nchi inatandazika kama mkeka hadi macho yanapochoka. Hiyo ndiyo mbuga ya Usangu. Milimani hunyesha mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, lakini huku chini mvua ni kama milimita 700, nalo jua huvuta unyevu mwingi kuliko mvua inayoanguka. Uhai wa mbuga hii, basi, hautoki katika anga lake yenyewe. Huletwa na mito inayoshuka milimani: Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe.

Mito hiyo yote hukusanyika mahali palipobonyea upande wa kaskazini-mashariki ya mbuga. Hapo ndipo Ihefu. Ni mfano wa bakuli pana lisilo na kina, lililojaa matete na nyasi ndefu za majini. Wakati wa masika bakuli hufurika na maji huenea hadi mbugani. Kiangazi kinapokomaa, mwezi wa Oktoba na Novemba, maji husinyaa yakabaki sehemu ndogo tu.

Bakuli hili lina mlango mmoja wa kutokea, nao huitwa Ng'iriama. Hapo pana mwamba uliokingama kama kizingiti cha nyumba. Maji yakiwa juu ya kizingiti, hupita, na Ruaha Mkuu huendelea na safari yake: kupitia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha bwawa la Mtera, kisha Kidatu, hata kuungana na maji ya Kilombero kuelekea Rufiji na bahari. Maji yakishuka chini ya kizingiti, hata kama kinamasi bado kina maji ndani yake, hakuna tone linalotoka. Nawaomba mkishike kizingiti hiki akilini, kwani yote nitakayoyasema baadaye yanakirudia.

2. Wakazi tutakaowaona

Tukijaliwa kufika wakati barabara zinapitika, maana udongo mweusi wa Usangu ukilowa hushika magurudumu kama gundi, tutawaona viboko na mamba, nao ndio wenyeji hasa wa mahali hapa. Tutawaona nyati, na huenda tembo, ambao hufuata majani mabichi ya kandokando ya kinamasi wakati nchi nyingine imekauka. Upande wa ndege, yangeyange watakuwa wengi kuliko tutakavyoweza kuhesabu. Tutawaona pia mwari, kwarara, mabata ya namna nyingi, korongo taji, na furukombe, ambaye mlio wake husikika kabla hajaonekana.

Tusiwatazame viumbe hawa kama picha zilizotundikwa ukutani. Kila mmoja ana kazi. Kiboko hufungua njia katika matete kwa mwili wake mkubwa, na katika njia hizo maji hupita na samaki hutembea. Kambare na perege huzaliana katika maji ya kina kifupi yanayotapakaa mbugani wakati wa mafuriko, na maji yanapojiondokea hurudi nao kinamasini. Matete na nyasi hupunguza kasi ya maji, huzuia tope, na kuyaachilia maji kidogo kidogo. Kinamasi ni ghala, ni chujio, na ni kitalu cha samaki. Ndiyo maana mataifa yalikutana katika mji wa Ramsar, nchini Iran, mwaka 1971, yakaweka mkataba wa kulinda maeneo ya namna hii, na Tanzania ikajiunga mwaka 2000.

Hapo tutakaposimama palikuwa pia na watu. Wasangu walikuwa na makao yao katika bonde hili tangu zamani, na watawala wao wa ukoo wa Merere wanajulikana katika historia ya nchi. Wabaluchi walifika kabla ya Uhuru wakalima mpunga kwa mifereji. Katika miaka iliyofuata walikuja Wamasai, Wabarabaig na Wasukuma na ng'ombe wao, na wakulima kutoka kila upande wa nyanda za juu. Wavuvi walijenga madago yao ndani ya kinamasi, na samaki wakavu wa Ihefu waliuzwa katika masoko ya mbali. Ukimya tutakaoukuta leo si wa tangu kuumbwa kwa dunia. Ni ukimya uliofanywa, na unayo tarehe.

3. Mto ulipokatika

Ndugu wanasemina, Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Kuanzia mwaka 1993 hivi, watu waliokaa katika Hifadhi ya Ruaha, chini ya Ihefu, waliona jambo geni: mto unakatika kiangazi. Mwanzoni zilikuwa siku na wiki, kisha ikawa miezi. Viboko walibanana katika madimbwi yaliyobaki, maji yakawa tope na tope likawa kinyesi, samaki walikufa, tembo walichimba mchanga kwa miguu na mikonga ili wapate maji. Hili si jambo la kulichekea. Mnyama asiye na kinywa cha kujitetea naye ana dai lake juu ya mto, na waliopaza sauti kwa ajili yake hawakukosea kupaza sauti.

Wakati huo huo nchi ilikuwa na shida nyingine. Umeme wa gridi ya Taifa ulitegemea sana vituo vya Kidatu, chenye megawati 204, na Mtera, chenye megawati 80, vyote viwili vikiwa katika mto huu. Kulipokuwa na mgawo wa umeme katika miaka ya 1990, na tena mwaka 2006, wananchi wa mijini waliuliza maji yamekwenda wapi, na vidole vikanyooshwa kuelekea Usangu.

Mwaka 1998 serikali ilitangaza Pori la Akiba la Usangu, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 4,000, likikihusisha kinamasi cha Ihefu. Mwezi Machi 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Bwana Frederick Sumaye, alitangaza mjini London azma ya serikali kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu utakuwa ukitiririka tena mwaka mzima. Ilikuwa ahadi njema. Lakini ahadi ya namna hiyo inadai kwanza tujue ni nani anayeyachukua maji.

4. Aliyeonekana na asiyeonekana

Ng'ombe huonekana. Kundi la ng'ombe mia tano likipita mbugani, vumbi lake huonekana kutoka mbali, na nyayo zake hubaki katika matope kama ushahidi. Mfereji uliojificha nyuma ya shamba la mpunga, unaopitisha maji usiku na mchana hata wakati hakuna kilichopandwa, hauonekani na mtu aliye ndani ya ndege akitazama chini, wala na mgeni apitaye barabara kuu. Hii ndiyo sababu mojawapo iliyomfanya mfugaji awe mtuhumiwa wa kwanza.

Mwezi Mei 2006 operesheni ya kuwaondoa wafugaji ilianza, ikaendelea hadi mwaka 2007. Watu wakahamishwa na mifugo inayohesabiwa kwa malaki, wengi wakielekezwa mkoa wa Lindi na sehemu za Pwani. Walitozwa faini. Ng'ombe wengi walikufa njiani kwa kiu, kwa njaa na kwa uchovu, na wengine waliuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenye mali hakuwa na muda wa kungoja bei. Malalamiko yakawa makubwa kiasi kwamba mwaka 2007 Rais aliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Othman Chande. Mwaka 2008 pori la akiba likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo kwa hatua hiyo ilifikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000 na kuwa hifadhi kubwa kuliko zote nchini kwa wakati ule. Wavuvi nao, pamoja na wanavijiji waliojikuta ndani ya mpaka mpya, walitakiwa kuondoka.

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, hatuna budi kutazama nyuma kidogo. Baadhi ya Wabarabaig waliofika Usangu walitokea upande wa Hanang, ambako katika miaka ya 1970 na 1980 malisho yao bora yalichukuliwa na mashamba makubwa ya ngano ya serikali, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada. Tutazame na mbele pia. Baadhi ya waliotolewa Usangu waliingia Kilombero na Rufiji, wakakuta nako kuna kinamasi, kuna wakulima, na kuna hifadhi. Mwaka 2012 operesheni nyingine iliwatoa wafugaji katika bonde la Kilombero. Mtu anayeondolewa asipoonyeshwa mahali pa kukaa, mgogoro hauondolewi. Hupandishwa lori pamoja naye, ukashushwa kwa jirani.

Simaanishi kwamba ng'ombe hawana madhara. Mifugo mingi kupita kiasi hukanyaga kingo za mito, humaliza nyasi, na huugandamiza udongo. Mfugaji mwenyewe analijua hilo kuliko msemaji yeyote. Lakini kumwambia mtu apunguze mifugo, kwa mpango na kwa muda, ni jambo moja. Kumfukuza na kumtoza faini ni jambo jingine.

5. Mabanio na gololi

Sasa turudi kwenye swali: ni nani anayeyachukua maji? Swali hili halikuachwa bila kujibiwa. Kati ya mwaka 1998 na 2005 wataalamu wa ndani na wa nje, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walipima mito ya Usangu mmoja baada ya mwingine. Matokeo yao yalikuwa wazi: sababu kubwa ya mto kukatika kiangazi ni maji yanayochepushwa na mabanio kuingia katika mifereji ya umwagiliaji juu ya kinamasi, kabla hayajafika Ihefu. Ng'ombe hunywa, ndiyo, lakini wanachokunywa ni kidogo mno ukilinganisha na kinachoingia mifereji. Kuhusu umeme, bwawa la Mtera hujazwa na maji mengi ya masika, siyo na kijito kilichobaki cha kiangazi. Kwa hiyo kiza cha mijini hakikuweza kubebeshwa ng'ombe wa Oktoba peke yake, bila kuuliza pia jinsi maji ya mabwawa yenyewe yalivyotumiwa.

Mifereji hiyo ni ya nani? Ni ya wakubwa na wadogo. Shamba la Mbarali lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Shamba la Kapunga lilifuata, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yote mawili yalikuwa ya shirika la serikali kabla ya kuingia mikononi mwa watu binafsi. Kuyazunguka walikaa wakulima wadogo kwa maelfu, wakichimba mifereji yao na kupanua majaruba mwaka hadi mwaka, hadi mpunga wa Usangu ukafikia makumi ya maelfu ya hekta. Mkulima anayepanda mapema huvuna mapema na huuza kwa bei nzuri. Kwa hiyo huyahitaji maji kwa ajili ya kitalu wakati ule ule ambao kinamasi kinakaribia kushuka chini ya kizingiti.

Tusifanye haraka kumhukumu mkulima naye, tukawa tumehamisha kidole tu kutoka kwa maskini mmoja kwenda kwa mwingine. Wapo wanavijiji wengi wanaoteka maji ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia katika mfereji huo huo. Banio likifungwa kiangazi, mfereji unakauka, na mama wa kijiji kilichoko mwisho wa mfereji ndiye anayetembea na ndoo. Ndiyo maana maji mengi huachwa yatiririke mwezi baada ya mwezi ili ndoo chache zijae, na mengi zaidi hupotea njiani, yakizama ardhini na kuvutwa na jua. Kijiji kikipewa kisima kizuri, banio linaweza kufungwa bila kumdhuru mtu. Kuchimba visima ni kazi ndogo kuliko kuhamisha maelfu ya watu, wala hakuhitaji bunduki.

Katika miaka hiyo watafiti walibuni mchezo ambao ningependa jumuiya zetu ziujue. Walitengeneza ubao mrefu ulioinama, wenye mfereji katikati kama mto, na mifereji midogo pembeni kama ile ya mashamba. Gololi ndizo maji. Wanavijiji, wa juu na wa chini, walisimama kandokando ya ubao, kila mmoja na kijiti chake cha kuzibia, kisha gololi zikaachiliwa. Ambavyo mngetarajia ndivyo ilivyokuwa: waliosimama juu walijaza mashimo yao hadi kumwagika, na waliosimama chini walibaki wakitazama ubao mtupu. Kisha wachezaji walibadilishana nafasi, wakaketi, wakazungumza jinsi ya kugawana. Hapakuwa na aliyefundishwa jambo geni. Wasangu na majirani zao wanalo neno la kale kwa ajili ya jambo hilo: zamu. Leo maji kwako, kesho kwangu, na kesho kutwa kwa yule aliye chini yetu. Kilichokosekana ni kuufikisha utaratibu wa zamu mbali zaidi ya mfereji mmoja, ufike hadi kwa yule ambaye hatumwoni: mvuvi, kiboko, na mtu wa Rufiji.

6. Mgeni na kiingilio chake

Watu wakaondolewa, mpaka ukasogezwa. Je, mto ulirudi? Mwaka 2010 ulifika ukapita, na Ruaha Mkuu uliendelea kukatika kiangazi; hata mwaka 2022 ulikatika. Hifadhi imepata faida zake, na tutaziona kwa macho: nyasi zimeota tena palipokuwa vumbi, na wanyama wamerudi sehemu walizokuwa wamezikimbia. Haki inatutaka tuyaseme hayo pia. Lakini kwa lengo lililotajwa kuwa kubwa kuliko yote, yaani maji kupita juu ya kizingiti mwaka mzima, kuwaondoa wafugaji hakukutosha. Uzito wa hifadhi uliwekwa juu ya mabega ya yule aliye rahisi kuhamishwa, badala ya kugawanywa kati ya wote wanaoutumia mto.

Jambo hili linatuhusu sisi wageni moja kwa moja. Utalii husemwa kuwa ndiyo malipo ya hifadhi: mgeni hulipa kiingilio, fedha huingia, na nchi nzima hunufaika. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa kukuza utalii katika hifadhi za kusini, Ruaha ikiwa mojawapo. Lakini mwaka 2023 malalamiko ya wanavijiji wa kando ya hifadhi, juu ya kuondolewa na juu ya vitendo vya ukatili, yalifikishwa mbele ya jopo la ukaguzi la benki hiyo. Mwezi Aprili 2024 benki ilisimamisha utoaji wa fedha, na kabla ya mwaka kwisha mradi ukafutwa. Tukisoma habari hiyo tutaelewa kwamba kiingilio cha mgeni si karatasi tu. Kiingilio hicho kinaweza kujenga daraja na kituo cha walinzi. Na kikikosa usimamizi wa haki, kinaweza kuwa sababu ya mtu kusukumwa mpakani ili mandhari iwe safi machoni petu.

Sina maana kwamba tusiende. Asiyekwenda haoni, na asiyeona hawezi kusema kwa ujasiri. Ila tusikubali kuwa wageni wa nusu njia, wanaofika moja kwa moja kwenye kiboko bila kupita kwenye banio.

7. Jinsi ya kwenda

Kwa hiyo napendekeza ziara yetu iwe na vituo vitatu.

Kituo cha kwanza kiwe banioni, upande wa juu. Tusimame na wakulima wa chama cha watumiaji maji, watuonyeshe jinsi maji yanavyoingia mferejini, nani anashika ufunguo wa lango, na zamu inapangwaje. Tuwaulize kiangazi lango likoje, na mama wa mwisho wa mfereji anateka wapi.

Kituo cha pili kiwe katika kijiji kilichoko kando ya mpaka wa hifadhi. Tusikilize zaidi ya kusema. Tusiende na zawadi ndogo ndogo za kuwanyamazisha watu, wala na ahadi tusizoweza kuzitimiza. Tuulize mpaka ulipita wapi mwaka 1998, wapi mwaka 2008, na leo unapita wapi. Na kama walishirikishwa au waliambiwa tu.

Kituo cha tatu kiwe Ihefu yenyewe. Tuingie kwa kibali, tukiongozwa na askari wa hifadhi, maana hatuendi kuvunja sheria. Tuheshimu kazi yao. Ni kazi ngumu na ya hatari, na wengi wao ni watoto wa vijiji kama vyetu. Tupunguze kelele, tusitupe takataka, tusimkaribie kiboko. Na tukiwa kimya hapo, tumwombe askari atuonyeshe maji yanatoka upande upi na yanakwenda upande upi.

Tutakaporudi, ipo kazi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatamka wazi: matumizi ya nyumbani hutangulia, na yanayofuata ni maji ya kuyatunza mazingira yenyewe, matumizi mengine huja baada ya hayo. Maana yake, mama mwenye ndoo na kinamasi chenye viboko viko upande mmoja wa sheria, wala si maadui. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ipo kwa ajili ya kusimamia jambo hilo, na vyama vya watumiaji maji vina haki ya kuuliza kama vibali vya maji vinafuatwa, kwa mkubwa na kwa mdogo sawasawa. Hayo ni maswali halali ya raia. Tuyaulize kwa adabu, na tusichoke kuyauliza.

Wala tusidhani kwamba mto huu ni wa watu wa Mbarali peke yao. Wali tunaokula sikukuu, taa tunayowasha jioni, hata megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, vyote vina tone la maji yaliyopita, au yaliyopaswa kupita, juu ya kizingiti cha Ng'iriama. Sisi sote tumesimama mahali fulani kandokando ya ubao ule wa gololi, na kila mmoja ana kijiti mkononi.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika eneo letu, ni nani walio juu ya mto au mfereji, na ni nani walio chini? Walio chini wanasikilizwa wapi?

2. Je, kuna watu katika kijiji au mtaa wetu waliohamishwa kutoka sehemu nyingine kwa ajili ya hifadhi, shamba kubwa au bwawa? Tumewapokeaje?

3. Mahali penye wanyama panapotakiwa kuhifadhiwa, ni hatua zipi zingepaswa kujaribiwa kabla ya kumhamisha mtu yeyote?

4. Zamu ni desturi yetu ya zamani. Ni kitu gani kinaizuia isifanye kazi kati ya kijiji na kijiji, au kati ya mkulima mdogo na shamba kubwa?

5. Baada ya ziara, ni jambo gani moja ambalo jumuiya yetu inaweza kulifuatilia kwa mwaka mzima bila kuliacha?